Betri Alizoanika Mama

Hakuna aliyemtuma Mama Stoo afungue mdomo kwenye kile kikao. Alikwenda kama anavyokwenda siku zote, kukaa kiti cha karibu na mlango, kusikiliza na kurudi zake stoo. Lakini Meneja alipotangaza kwamba kompyuta zote zilizokufa, printa na mazagazaga mengine yatauzwa kwa wale jamaa wa vyuma chakavu nyuma ya soko, mama huyo alijikuta amesimama.

"Meneja, samahani. Wale wanachoma."

"Wanachoma nini?"

"Waya. Wanazichoma wapate shaba ya ndani. Ule moshi mweusi tunaoufungia madirisha kila jioni ndio huo. Safari hii utakuwa moshi wetu sisi."

Watu waligeuza shingo. Akaona maadam ameshaharibu, bora aharibu vizuri. Akaeleza kwamba nje kidogo ya mji, kupita viwanda, kuna kituo kinachopokea vitu hivi na kuvifungua kwa mkono: skrini upande wake, waya upande wake, betri upande wake, hakuna kuchoma na hakuna kutupa mtoni. Meneja akauliza nani atavifikisha huko. Mama Stoo akajibu.

"Mume wangu. Ni fundi wa redio na simu, na hicho kituo kilimpa mafunzo."

"Alaa!" alisema Mhasibu kutoka upande wa pili wa meza. "Kumbe huo moshi una mume!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mhasibu alikuwa hodari wa kuchekesha watu, na hodari zaidi mchekwaji akiwa wa mshahara mdogo. Mama Stoo alisimama hivyo hivyo mpaka kicheko kikaisha chenyewe. Kama kuna kitu ufagio ulimfunza, miaka ile alipokuwa akifagia korido za jengo hili kabla ya kukabidhiwa ufunguo wa stoo, ni kusimama mahali watu wakicheka.

"Sawa," Meneja alisema mwishowe. "Apewe mumeo. Lakini, mama, jina lililoko mezani ni lako. Kikipotea kitu, au kikileta balaa, ufunguo unaurudisha na ufagio unaujua ulipo. Na vitakavyobaki watachukua wale wa vyuma chakavu."

Aliitikia, akaomba na kasha moja liwekwe chini ya ngazi, ili wafanyakazi nao walete simu na betri zao zilizokufa majumbani. Kasha likawekwa. Kwa wiki kadhaa lilipokea maganda ya karanga na karatasi za pipi za bazoka. Kila asubuhi Mama Stoo alilikung'uta na kulirudisha mahali pake bila kumwambia mtu neno.

* * *

Siku ya kuhamisha ilikuwa Jumamosi, na ilianza vizuri mno. Fundi alikuja na pikapu ya kuazima, amevaa ovaroli iliyopigwa pasi, mpaka mkewe akajizuia kutabasamu mbele za watu. Hakubeba kitu kabla ya kutoa betri za laptopu moja moja, akazifunika ncha kwa utepe wa umeme na kuzilaza kwenye ndoo ya mchanga mkavu. Mlinzi wa getini alimuuliza kama anapanda mbegu.

"Hizi hazioti," Fundi alijibu. "Zikiota, tumekwisha."

Pikapu ilifika nusu ya njia, ikakata ekseli. Mpaka vijana wa mtaani walipopatikana na kulisukuma gari hadi nyumbani kwa Fundi, ambako hakukuwa mbali, kituo kilikuwa kimeshafunga, na hakifungui tena mpaka Jumatatu. Hapakuwa na la kufanya. Kompyuta na printa zikaingizwa kwenye chumba cha mbele, ndiyo karakana yake, na mlango ukapigwa kufuli. Ndoo ya betri Fundi aliiweka uani, kivulini, mbali na nyumba, kama alivyofunzwa.

Mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda akimtazama. Bibi huyu, ambaye mtaa mzima unamwita Bi Redio kwa sababu redio yake haizimwi kuanzia taarifa ya habari ya asubuhi, aliishi nao tangu alipofiwa na mumewe. Macho yalikuwa yameanza kumpungukia, masikio hayajambo, mdomo ndio kabisa.

"Mbona unazizika betri za watu?"

"Ziache hapo hapo, Mama. Zimekufa hizo."

"Zimekufa kabisa?"

"Kabisa," alisema Fundi, akili yake yote ikiwa kwenye ekseli. Akatoka.

Kosa lilikuwa hapo. Kama angekuwa mteja, angemweleza kwa utulivu: hizi si kama betri za tochi, zina dawa ndani, zikipata joto zinawaka. Lakini alikuwa ni mama yake tu, na Fundi, kama wengi wetu, alikuwa na maelezo kwa kila mtu isipokuwa aliyekaa naye nyumba moja.

* * *

Jumapili Fundi alikwenda kutafuta ekseli, mkewe akaenda sokoni. Mama Stoo alikuwa anarudi na kapu kichwani alipoona moshi. Kwanza aliwalaani wale jamaa wa nyuma ya soko, hata siku ya mapumziko hawapumziki. Hatua chache mbele akagundua kwamba moshi hautoki nyuma ya soko. Unatoka kwake.

Hakumbuki kapu lilianguka wapi. Aliingia uani akakuta harufu kali ya kuwasha pua, bati kuukuu limeegemezwa uzio, na juu ya bati betri zimepangwa mistari iliyonyooka, zimepanguswa hadi zinang'aa, tepe zote zimebanduliwa. Mahali pa zile za mbele palikuwa pamegeuka kifusi cha mchanga kinachofuka moshi. Kando yake, pazia la maua lililoanikwa kwenye kamba ya jirani mshonaji lilikuwa limebaki nusu. Na katikati ya yote hayo alisimama Bibi, ndoo tupu mkononi, nywele zimejaa majivu.

"Mama! Umeumia?"

"Mkono kidogo. Usipige kelele, nimeshauzima moto." Bibi alikuwa anahema. "Niliona zimevimba zile, nikaziweka mbele zipate jua zaidi. Nikakaa nichambue maharage. Nikasikia moja inalia fsss, kama nyoka. Kugeuka, inatema moto! Nikasema maji yako mbali, nikaimwagia ule mchanga. Haya, niambie, betri gani hizo zinazokasirika zikifufuliwa?"

Mama Stoo alielewa papo hapo. Kila betri ya redio iliyowahi kuishiwa katika nyumba hii Bibi aliianika juani, na kila mara redio ilisema tena, jioni moja, jioni mbili. Walilelewa hivyo wote, hata yeye mwenyewe. Kwa Bibi, betri iliyokufa haikuwa taka. Ilikuwa mgonjwa.

"Nilitaka arudi azikute zina nguvu," Bibi alisema, sasa kwa sauti ndogo. "Nisaidie kidogo, na mimi."

Mama Stoo alimshika ule mkono, malengelenge yameshaanza, akampeleka kwenye ndoo ya maji akautia. Kisha akarudi kuzitoa juani betri zilizobaki, moja moja, kwa kitambaa kikavu. Jirani mshonaji alikuwa ameshafika kwenye uzio.

"Pazia la watu hilo!" alipaza sauti, na hakuwa akizungumza na waliokuwa mbele yake bali na mtaa mzima. "La mteja! Nimeshachukua na malipo! Mnaleta mataka ya maofisini mnatuchomea majumba! Leo pazia, kesho si watoto?"

"Dada, nisamehe. Tutalilipa."

"Kwa kipi?"

Mama Stoo aliinamisha kichwa, akaendelea kuokota.

* * *

Fundi alirudi na ekseli begani, anapiga mluzi. Mluzi ulikatika mlangoni. Alitazama bati, akatazama mkono wa mama yake uliofungwa kitambaa, akakaa chini kwenye ardhi tupu kama alivyo.

Baadaye mume na mke walifungiana chumbani, wakazungumza kwa kunong'ona. Ukuta wa chumba hicho ni ubao, na kila mtu katika nyumba anajua ni ubao, lakini watu wakiwa na hofu husahau.

"Mkono wake si mbaya sana," alisema Fundi. "Mungu katuokoa. Sasa kesho pale ofisini tunasemaje?"

"Meneja kasema kikileta balaa narudisha ufunguo."

"Basi tuseme moja ilijilipukia. Zilikuwa zimevimba, si uongo, zimevimba kweli. Hakuna aliyezigusa."

"Na mshonaji je? Dada yake anapika chai pale pale ofisini. Kesho saa nne habari yote iko kwenye vikombe."

Fundi alijikuna kichwa. "Basi tuziingize shimoni nyuma ya choo, tupeleke kompyuta peke yake."

"Tuzike betri hapa? Kisima cha watu kiko pale!" Alisahau kunong'ona, akajirudi. "Mimi nilisimama mbele ya wale watu nikawasema wanaochoma. Leo nifukie? Hapana. Ufunguo na uende. Nitasema ukweli, ila sitasema ni Mama. Nitasema ni mimi niliyeanika."

"Wewe? Mtunza stoo uanike betri juani? Watakufukuza mchana huo huo."

"Bora wanifukuze mimi. Unamjua yule Mhasibu? Ukimpa hiyo ya Bibi kaanika betri ataila mwaka mzima. Kila nikipita ataniuliza nimeanika nini leo. Mama atakuwa kichekesho cha watu wasiomjua. Sitaki. Naona haya, mume wangu. Nimwonee haya mama mtu mzima, halafu tena—"

Mlango ulisukumwa. Bibi alikuwa amesimama hapo, mkono mbaya ameupakata kama mtoto.

"Unanionea haya," alisema.

"Hapana, Mama, si hivyo, nilitaka kuku—"

"Kunificha. Nimesikia. Ubao huo." Aliingia akakaa kwenye kitanda chao, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu aje kuishi nao. "Mkono umeuma leo, lakini haukuuma hivi. Mimi nimezaa watu, nimezika watu, nimewasha redio kwa betri zilizokufa nyie mkasikiliza habari za dunia. Nimekosea. Mtu mzima anakosea. Lakini mimi si wa kufichwa uvunguni kama chungu kilichovunjika."

Fundi alitazama miguu yake.

"Na wewe," Bibi alimgeukia, "niambie sasa. Yale maneno unayowaambia wateja. Betri hizi zina nini?"

Fundi akamwambia. Alimweleza taratibu, akaenda karakana kuleta laptopu moja, akamwonyesha betri inapokaa, kwa nini mbovu huvimba, kwa nini jua ni adui yake na mchanga mkavu ni rafiki, kwa nini ncha hufunikwa utepe. Bibi aliuliza maswali mpaka chai ikapoa. Kisha akauliza ofisi inafunguliwa saa ngapi.

* * *

Jumatatu Bibi alivaa gauni lake la kijani, lile la harusi ya Fundi, na viatu vilivyokuwa vinambana. Mkwewe alijaribu mara mbili kumzuia. Mara ya tatu hakujaribu.

Habari ilikuwa imewatangulia, kama ilivyotarajiwa. Kwenye korido watu waliacha kuzungumza walipopita, wakaanza tena kwa nyuma yao. Meneja alikuwa ameshaitisha kikao cha dharura, na uso wake haukuwa wa kutaniwa. Mhasibu alikuwa amejipatia kiti kizuri.

"Mama," Meneja alianza, "nimesikia umeunguza mtaa."

Mama Stoo alisimama. Ufunguo wa stoo alikuwa ameshautoa shingoni, ameushika kiganjani. Alisema ilivyokuwa, bila kupamba: ekseli, Jumamosi, ndoo, kivuli. Alisema betri chache ziliungua na pazia la jirani likaungua, nyingine zote zipo, zimerudishwa mchangani, zinafika kituoni leo, na kompyuta hazikuguswa. Alipofika kwenye nani aliyezianika juani, akasita.

"Ni mimi," alisema Bibi kutoka mlangoni. "Niliyezianika ni mimi. Nilidhani zitapata nguvu."

Mhasibu akatoa kicheko kupitia puani, na hicho ndicho walichokuwa wanakisubiri wengine. Walicheka mpaka mmoja akajifuta machozi. Mama Stoo alipiga hatua, lakini Bibi alimzuia kwa ule mkono uliofungwa kitambaa. Alingoja. Alingoja bila kuinamisha kichwa, mpaka wao ndio wakaanza kuona aibu ya kuendelea.

"Chekeni tu, wanangu, hata mimi jana nimecheka, mkono ulipopoa. Sasa niambieni. Humu ndani, nani hajawahi kuanika betri?"

Watu walitazamana. Dereva wa ofisi alikuwa wa kwanza kuinua mkono, si kujibu bali kukiri. "Mimi naanika za rimoti. Mpaka leo."

"Mimi nazing'ata," alisema karani wa mapokezi, na safari hii kicheko kilikuwa cha namna nyingine.

"Basi," Bibi alisema. "Tulijifunza wote pamoja, ila mimi ndiye niliyelipukiwa. Hizi za siku hizi si zile. Zile zikifa zimekufa. Hizi zikifa zinakungojea." Alifungua kitambaa, akawaonyesha mkono. "Sikuja kumwombea mtu. Mkwe wangu alitaka kunikingia kifua, aseme ni yeye. Nimekataa. Hakuna mwenye makosa ya kubebewa hapa."

Meneja alisugua paji la uso. Na hapo ndipo Mhasibu aliposema jambo ambalo hakuna aliyelitegemea, kwa sauti isiyo ya utani hata chembe.

"Bibi. Na ikivimba yenyewe tu? Bila kuanikwa?"

"Imevimba vipi?"

Alivuta mkoba wake kutoka chini ya meza, akatoa betri ya kuchajia simu, ile ya kubeba mkononi, iliyofungwa mpira wa kushikia noti kwa sababu ganda lake halikufunga tena. Imevimba kama shavu lenye jino bovu. "Usiku naiweka chini ya mto," alisema. "Mwanangu analala hapo hapo."

"Iweke mezani, baba," Mama Stoo alisema haraka. "Taratibu. Usiibonyeze, usiichomeke tena kwenye umeme." Alikwenda mwenyewe, akaichukua, akaifunika tundu la chaji kwa kipande cha utepe alichokuwa nacho mfukoni na kuilaza kwenye ndoo ya mchanga aliyoiacha nje ya mlango. Alipogeuka alikuta watu wameinama, wanafungua mikoba yao.

Meneja aliukuta ufunguo mezani pake, ambapo Mama Stoo alikuwa ameuweka ili mikono yake iwe huru. Aliutazama. Kisha akamrushia.

"Pazia la jirani ofisi italilipa," alisema. "Sisi ndio wenye betri. Na hilo kasha lako lijazwe mchanga."

* * *

Fundi alifika na pikapu iliyotiwa ekseli mpya, na kabla haijaondoka kwenda kituoni, chini ya ngazi kulikuwa na foleni. Zililetwa simu zisizo na vioo, rimoti, chaja zilizotafunwa na panya, na tochi moja iliyooza tumbo. Walioishi karibu walikimbia nyumbani kuleta na za majirani. Fundi alikuwa amechuchumaa kando ya kasha, anafunika ncha na kuzilaza, akimweleza kila aliyeleta, kwa utulivu, kila alichokuwa anakijua.

Bibi alisubiri zamu yake kama watu wengine. Ilipofika, alifungua mkoba wake wa mkononi, akatoa betri mbili nene za redio yake, zile alizozianika tangu mvua zilizopita, zimepauka mpaka maandishi yamefutika. Alizishika kidogo, kama mtu anayeaga.

"Hizi zimenisomea habari nyingi," alisema. Akaziweka.

Mfanyakazi mgeni, aliyeanza kazi wiki hiyo na hakuwa kwenye kikao, alimgusa Mama Stoo begani. "Samahani, yule mama wa gauni la kijani ni nani? Ni wa kutoka kile kituo?"

Jana yake tu, Mama Stoo angetafuta jibu la kuzunguka. Sasa hakutafuta. Aliinua sauti ili ifike mpaka mwisho wa foleni, mpaka kwa Mhasibu.

"Yule? Yule ni mama yangu. Ndiye aliyeanika betri."